Maswali ya Wasomaji: Je, Shahada ya Hisabati Inarudisha Gharama Yake?

Miongoni mwa barua zilizonifikia mwezi huu, tatu zinatoka Nyanda za Juu Kusini na zinauliza jambo moja kwa sauti tatu tofauti: sauti ya mzazi, ya mwanafunzi na ya mwalimu aliye kazini. Nimeziweka pamoja kwa sababu jibu la kwanza linabeba hesabu ambazo majibu mengine mawili yanazitegemea. Ninamwomba msomaji awe na kalamu na karatasi karibu, kwa kuwa mambo haya hayaamuliwi vizuri kwa kusikiliza maneno ya barazani.

Ndugu mshauri, kamwene. Mimi ni mkulima wa Mufindi. Binti yangu amemaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, amepata daraja la kwanza, na Hisabati ana A. Anataka kwenda chuo kikuu kusoma Hisabati tupu. Kaka yangu anasema Hisabati haijawahi kumlisha mtu, na yuko tayari kumwajiri binti katika duka lake la vifaa vya ujenzi Mafinga mjini kwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Nina ekari 3 za mipaini yenye miaka 9, na mnunuzi ananipa shilingi 2,200,000 kwa ekari nikimwuzia zote kwa pamoja. Ada tuliyoonyeshwa ni shilingi 1,300,000 kwa mwaka. Je, nikiuza miti hii kwa ajili ya shahada hiyo nitakuwa nimefanya jambo la busara? — Mzazi, Mufindi

Kamwene, baba. Kwanza nikupongeze wewe na binti. Katika nchi ambayo kwa miaka ya karibuni ni mtahiniwa mmoja kati ya watano, na hivi karibuni mmoja kati ya wanne, anayefaulu Hisabati kidato cha nne, kijana anayepata A katika Hisabati ya kidato cha sita si wa kumwamulia haraka haraka, na ninafurahi kwamba umeuliza kabla mnunuzi hajaleta mashine ya kupasulia.

Familia nyingi hutazama ada peke yake, kwa sababu ndiyo iliyoandikwa kwenye karatasi ya chuo. Ada ya miaka mitatu kwa bei uliyonitajia ni shilingi 3,900,000. Lakini binti atakula na kulala mahali. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imekuwa ikikadiria fedha ya kujikimu, ambayo wanafunzi huiita bumu, kwa shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23, na tukichukua siku 238 za masomo kwa mwaka tunapata shilingi 2,380,000. Ongeza shilingi 200,000 za vitabu na viandikwa, na shilingi 150,000 za usajili, bima ya afya na michango mingine midogo ambayo kila chuo kina orodha yake. Mwaka mmoja umefika shilingi 4,030,000, na miaka mitatu ni shilingi 12,090,000. Hisabati ya siku hizi inahitaji kompyuta mpakato, hata iliyotumika, na hapo naweka shilingi 700,000.

Kisha kuna gharama ambayo haimo katika karatasi yoyote. Kama binti angefanya kazi dukani kwa baba yake mkubwa au mdogo, angepata shilingi 150,000 kila mwezi, na kwa miezi 36 anayokaa darasani anaacha shilingi 5,400,000. Hiyo nayo ni gharama ya shahada, tena kubwa kuliko ada yote. Kaka yako, hata kama hakulisema hivyo, alikuwa anaigusa hoja hii, na kwa hiyo asipuuzwe.

Sasa tutazame upande wa mapato, na hapa nataka tuiweke slipu ya mshahara mezani tuisome mstari kwa mstari, kwa sababu kijana huambiwa mshahara kabla ya makato na mzazi hupanga maisha kwa fedha ambayo haitafika nyumbani. Tuchukue mtumishi wa umma mwenye shahada anayeanza kwa shilingi 800,000. Kiasi hicho ni mfano wangu wa kufanyia hesabu, lakini makato yake ni ya kweli. Mstari wa kwanza ni mfuko wa hifadhi ya jamii, PSSSF, asilimia 5, yaani shilingi 40,000. Zinabaki 760,000 zinazotozwa kodi, na kwa viwango vya kodi ya mshahara vilivyoanza Julai 2021, kodi yake ni shilingi 68,000. Bima ya afya inachukua asilimia 3 ya mshahara, shilingi 24,000. Halafu unakuja mstari unaowashtua wengi mwezi wa kwanza: Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi, shilingi 120,000. Kinachobaki ni shilingi 548,000, na kama mtumishi huyo ni mwalimu aliye katika chama cha wafanyakazi, ondoa asilimia 2 nyingine.

Nimeona walimu vijana wakiikunja slipu hiyo ya kwanza mara nne na kuitia mfukoni bila kusema neno. Hawakuibiwa. Hakuna aliyewaonyesha hesabu hii walipokuwa na umri wa binti yako.

Lakini deni hilo lina mwisho, na lina jambo jema ambalo watu wengi bado hawalijui. Tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa nayo ikaondolewa mwaka huohuo. Deni la leo haliongezeki kwa kukaa. Tuseme binti anapewa mkopo wa fedha yote ya kujikimu na vitabu, na sehemu ya ada, shilingi 420,000 kwa mwaka. Kwa miaka mitatu atakuwa amekopa shilingi 9,000,000 kamili, na kwa makato ya shilingi 120,000 atamaliza kulipa katika miezi 75, yaani miaka 6 na miezi 3. Baada ya hapo mshahara uleule unafika nyumbani ukiwa shilingi 668,000. Hakuna benki itakayompa mkulima wa Mufindi mkopo wa namna hiyo, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza inayonifanya nisitake uuze miti yote.

Upande wako wewe, baba, utabaki na ada shilingi 880,000 na michango shilingi 150,000 kwa mwaka, jumla shilingi 1,030,000, na kwa miaka mitatu shilingi 3,090,000. Ukiongeza kompyuta unafika shilingi 3,790,000. Ukiweka na ule mshahara wa dukani atakaouacha, gharama ambayo familia inaibeba yenyewe ni shilingi 9,190,000. Usiongeze mkopo hapo, kwa sababu tumekwisha kuutoa kwenye mshahara wake, na ukiuhesabu mara mbili utamkatisha binti tamaa bila haki.

Tuseme basi kwamba dukani baada ya miaka michache angepandishwa hadi shilingi 250,000. Tofauti kati ya hizo na shilingi 548,000 ni shilingi 298,000 kwa mwezi. Akipata kazi mara tu baada ya chuo, gharama yote ya shilingi 9,190,000 inarudi katika miezi 31. Kwa uwekezaji wa maisha, hiyo ni haraka sana, na mpaini haurudishi fedha kwa kasi hiyo.

Neno zito katika sentensi hiyo ni "mara tu". Akikaa nyumbani miaka 2 bila kipato akisubiri ajira, anaacha shilingi 3,600,000 nyingine, na gharama inafika shilingi 12,790,000, ambazo zinarudi kwa miezi 43. Akisubiri miaka 5, anaacha shilingi 9,000,000, na gharama inakuwa shilingi 18,190,000, ambazo zinahitaji miezi 61 na ushei ya kazi kurudi, baada ya miaka mitano iliyokwisha kupita. Tazama namba hizo vizuri, baba. Kusubiri miaka mitano kunagharimu zaidi ya mara mbili ya ada yote ya shahada. Tunagombana juu ya ada ya chuo hiki na chuo kile, wakati miaka ya kusubiri ndiyo inayokula fedha.

Na miaka hiyo ipo kweli. Zamani mhitimu wa ualimu alipangiwa kituo, akafunga sanduku lake akaenda. Sasa anaomba kupitia mfumo wa ajira, na tangu mwaka 2025 walimu nao wanaitwa kwenye usaili unaosimamiwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Masomo ya sayansi na Hisabati yamekuwa yakipewa kipaumbele katika nafasi za ualimu, lakini uhitaji wa shule ni jambo moja na kibali cha kuajiri ni jambo lingine. Shule ya kata inaweza kuwa na mwalimu mmoja wa Hisabati kwa vidato vyote vinne, na bado mhitimu wa Hisabati akawa nyumbani kwao mtaa wa pili. Hili linaniumiza kila mara ninapolikuta, na ninalisema wazi ili usimtume binti akiamini kwamba uhaba wa walimu ni ahadi ya kazi.

Kwa hiyo swali la kumwuliza binti ni hili: katika mwaka wa kwanza baada ya chuo, kabla ajira ya kudumu haijapatikana, atakula kwa kazi gani? Shahada ya Hisabati tupu inamjenga vizuri zaidi kwa masomo ya juu, takwimu na fedha, lakini peke yake haimpi sifa ya kuwa mwalimu, na akitaka kufundisha baadaye atalazimika kusoma stashahada ya uzamili ya elimu, mwaka mwingine wa ada na wa kutokuwa na mshahara. Shahada ya Sayansi pamoja na Elimu nayo ni miaka mitatu. Atasoma Hisabati na somo la pili, Fizikia au Kemia, na masomo ya ualimu ndani yake. Kozi za Hisabati zitapungua kidogo, lakini siku ya kutoka anaweza kusimama darasani katika shule binafsi yoyote kuanzia Mafinga hadi Tukuyu, huku akisubiri usaili wa serikali. Mshahara wa shule binafsi unatofautiana mno kati ya shule na shule, na mimi mwenyewe katika miaka yangu ya kusubiri nilifundisha katika shule moja iliyonilipa kwa kuchelewa miezi miwili hadi mitatu. Hata hivyo niliishi, na nilijifunza kazi. Wenzangu waliorudi nyumbani kungoja walipoteza vyote viwili.

Kwa familia isiyo na akiba ya kubeba miaka miwili ya kungoja, ninashauri njia ya Sayansi pamoja na Elimu, na kwa binti wa Mufindi ninashauri mwanze kuangalia Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kilichopo Iringa mjini tangu mwaka 2005 chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mafinga na Iringa zimeachana kilomita zipatazo 80. Hilo si jambo dogo katika bajeti. Nimeshuhudia mara nyingi stendi ya Ipogolo mwanzoni mwa muhula: konda anashusha kutoka kwenye buti ndoo ya unga, viazi nusu gunia, na chupa ya mafuta iliyofungwa kwa mfuko wa plastiki isimwagike, na msichana amesimama pembeni akipiga simu nyumbani kusema mzigo umefika salama. Kila ndoo ya namna hiyo ni siku kadhaa za bumu ambazo hazikuliwa. Binti anayesoma Dar es Salaam hapati msaada huo. Kama binti anaipenda Hisabati tupu kiasi cha kutokubali jambo jingine, mwache aende, lakini aende akiwa amekujibu lile swali la mwaka wa kwanza.

Kuhusu miti, ninaomba usimwuzie mnunuzi huyo ekari zote tatu. Mpaini wa miaka 9 hutoa mbao nyembamba, na mnunuzi anayetaka shamba zima kwa pamoja anajua anachokifanya: miti ikifika miaka 15 hadi 18, unene wake na bei yake ni habari nyingine. Mwaka wa kwanza unahitaji shilingi 1,730,000, yaani mchango wako wa shilingi 1,030,000 na kompyuta. Ukipata bei hiyohiyo kwa ekari moja peke yake, ekari hiyo inatosha, na itabaki shilingi 470,000 za kuanzia mwaka wa pili. Ekari mbili zilizobaki zisafishiwe njia ya kuzuia moto kabla ya kiangazi, maana moto wa Septemba haujui kwamba shamba ni karo ya mtoto. Mwaka wa pili na wa tatu jaribu kuzibeba kwa mahindi na viazi, na uguse ekari ya pili ukishindwa tu.

Yako mambo mawili ya kufanya wiki hii. Cheti cha kuzaliwa cha binti kihakikiwe mapema na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kwa kuwa maombi ya mkopo huhitaji uhakiki huo na wengi hukwama hapo. Tena msikilize matangazo ya Wizara ya Elimu kuhusu Samia Scholarship, ufadhili ulioanza mwaka 2022/23 kwa waliofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi kidato cha sita na wanaoingia kusoma sayansi, Hisabati, uhandisi, teknolojia au tiba. Kama jina lake limo, sehemu kubwa ya hesabu niliyoifanya hapa inafutika, na ekari zote tatu za miti zinabaki zako.

Shikamoo mshauri. Ninasoma mwaka wa pili wa shahada ya Hisabati. Wenzangu wanasema kwamba fedha iko kwa watakwimu bima, na kwamba sisi wa Hisabati ya kawaida tutaishia kufundisha tuisheni Mwanjelwa. Ninafikiria kuacha nilipo na kuanza upya mwaka wa kwanza wa takwimu bima Dar es Salaam. Je, nihame? — Mwanafunzi, Mbeya

Marahaba, kijana wangu. Usihame.

Chukua hesabu ya barua iliyotangulia. Miaka miwili utakayokuwa umeisoma mwaka huu ukiisha, ukiirudia, inagharimu shilingi 4,030,000 kwa kila mwaka, na inakuchelewesha kupata mshahara kwa miaka miwili. Kwa ule mshahara wa shilingi 548,000 unaofika mkononi, kila mwaka wa kuchelewa ni shilingi 6,576,000. Jumla ya miaka miwili ni shilingi 21,212,000. Ili kozi mpya ikurudishie kiasi hicho, inabidi ikupe kitu ambacho Hisabati haiwezi kukupa, na hilo silioni.

Mtakwimu bima ni mtu anayekadiria hatari za mbeleni kwa namba: bima ya gari itozwe kiasi gani, mfuko wa pensheni uweke akiba ngapi ili uwalipe wastaafu wa miaka 30 ijayo. Ni kazi ya heshima na inalipa vizuri kwa waliofika mbali. Lakini sifa inayomfanya mtu aitwe mtakwimu bima kamili haitolewi na shahada. Hutolewa na mitihani ya vyama vya kitaaluma, kama kile cha Uingereza, Institute and Faculty of Actuaries, au cha Marekani, Society of Actuaries. Mitihani hiyo ni mingi, hulipiwa kwa fedha za kigeni, na wengi huikamilisha kwa miaka kadhaa wakiwa tayari kazini. Shahada ya takwimu bima, kama zile zinazotolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo cha Usimamizi wa Fedha, humtayarisha mtu kwa sehemu ya njia, na mwenye shahada ya Hisabati anaruhusiwa kuikalia mitihani hiyohiyo. Uwezekano, takwimu na hisabati za fedha, yaani riba na thamani ya sasa ya fedha ya baadaye, ndizo mada za mwanzo. Chukua kozi zote za chaguo zinazohusu mada hizo hapo ulipo. Jua pia kwamba waajiri wa fani hiyo kwetu ni wachache, na karibu wote wako Dar es Salaam.

Ninalotaka ulifanye katika mwaka mmoja na nusu uliobaki ni kujifunza kuishika data kwa mikono yako. Jifunze Excel kwa undani, si kujumlisha tu, kisha R au Python, ambazo zote mbili hupatikana bure. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani alipata kazi yake ya kwanza karibu na Uyole, katika shamba la majaribio ya viazi mviringo. Nilimtembelea asubuhi moja ya baridi. Vitalu vilikuwa vimepangwa mithili ya ubao wa dama, kila aina ya kiazi imerudiwa mara nne mahali tofauti, na kila kitalu kina kijiti chenye namba. Yeye alikuwa anapita na daftari akihesabu mimea yenye bakajani, jioni anaingiza namba kwenye kompyuta. Nilimwuliza kwa nini aina moja isipandwe yote mahali pamoja, ikawa rahisi kuhesabu. Akainama chini, akashika udongo wa upande wa mteremko na udongo wa upande wa juu, akanionyesha kwamba mmoja una unyevu zaidi. "Nikizipanda pamoja," akasema, "sitajua kama nimepima kiazi au nimepima bonde." Alikuwa amesoma jambo hilo darasani kama fomula ya mchanganuo wa tofauti, na sasa lilikuwa linamlipa mshahara.

Nyanda za Juu Kusini zina chai, parachichi, mpunga wa Mbarali na Kyela, mbao, vyama vya akiba na mikopo, na vyama vya msingi vya ushirika vyenye madaftari yaliyojaa namba ambazo hakuna aliyezisoma kwa pamoja. Likizo hii nenda kwenye chama kimoja ukaombe kuwapangia mikopo na marejesho ya miaka mitatu kwenye kompyuta, hata kwa nauli tu. Utakapokwenda kwenye usaili ukiwa na kazi hiyo mkononi utakuwa umewaacha mbali wenzako wenye cheti peke yake. Na hiyo tuisheni ya Mwanjelwa wanayoibeza wenzako, ifanye pia, kwa sababu inakulipa leo na inakulazimisha kuielewa Hisabati kiasi cha kuweza kuieleza.

Ndugu mshauri, mimi ni mwalimu wa Hisabati wa stashahada katika shule ya sekondari wilaya ya Kilolo, na mshahara wangu ni shilingi 560,000. Mwenzangu mwenye shahada aliyeajiriwa juzi anapata shilingi 800,000. Niombe likizo bila malipo niende chuo miaka mitatu, au nisome nikiwa kazini kupitia Chuo Kikuu Huria? Nimekadiria kwamba njia ya pili, pamoja na nauli za mitihani, itanigharimu shilingi 4,200,000. — Mwalimu, Kilolo

Mwalimu mwenzangu, tofauti yenu ni shilingi 240,000 kabla ya makato. Ondoa asilimia 5 ya PSSSF, asilimia 3 ya bima ya afya, na kodi ambayo kwa kiwango chenu cha mishahara ni asilimia 20 ya nyongeza inayotozwa, yaani shilingi 45,600. Nyongeza itakayofika mkononi ni shilingi 175,200 kwa mwezi, nami sijahesabu mchango wa chama. Gharama yako ya shilingi 4,200,000 itarudi kwa miezi 24.

Ukichukua likizo bila malipo, unapoteza kwanza mshahara wako unaofika mkononi, ambao kwa makato hayohayo ni shilingi 492,800, na kwa miezi 36 hiyo ni shilingi 17,740,800 kabla hujalipa ada hata senti moja. Kwa nyongeza ya shilingi 175,200, utahitaji zaidi ya miaka minane kurudisha mishahara hiyo peke yake. Chuo Kikuu Huria kina vituo vyake mikoani, Iringa kikiwemo, na mwenye nidhamu ya kuamka saa kumi alfajiri anaweza kumaliza. Ninakiri kwamba Hisabati ya chuo kikuu ukiisoma peke yako usiku, baada ya kusahihisha madaftari ya mikondo mitatu, ni kazi nzito, na somo la uchambuzi halisi, yaani real analysis, hasa huwashinda wengi kwa kukosa mtu wa kuwauliza. Tafuta mwenzako mmoja mnayeweza kukutana naye kila Jumamosi Iringa mjini, mkachapa maswali pamoja.

Hatari yako kubwa iko ofisini. Shahada peke yake haikupandishi kutoka ngazi ya C hadi ngazi ya D ya mishahara ya walimu. Unapaswa kubadilishiwa muundo, yaani mwajiri akuhamishe rasmi kwenye ngazi ya wenye shahada, na wapo walimu wengi waliorudi na vyeti wakasubiri kwa muda mrefu wakilipwa mshahara wa zamani. Kila mwezi wa kusubiri hapo ni shilingi 175,200 zinazopotea. Kwa hiyo kabla hujalipa chochote, omba kwa maandishi ruhusa ya masomo kwa mkurugenzi wa halmashauri yako kupitia kwa mkuu wa shule, uhakikishe jina lako limeingizwa katika mpango wa mafunzo wa halmashauri, na barua ya majibu uitoe nakala tatu: moja ibaki kwenye jalada lako wilayani, moja kwa mkuu wa shule, na moja uifungie nyumbani pamoja na vyeti vyako, kwa sababu siku utakapoomba kubadilishiwa muundo ndiyo karatasi ya kwanza utakayoulizwa.